Chungu cha Siku za Baridi

Msomaji mpenzi, ikiwa umepata kupita Kibera au Kawangware alfajiri ya mwezi wa Julai, hapana shaka umeuona moshi kabla hujawaona watu. Mawingu huwa yamelala juu ya mabati, njia ni tope, na wapita njia wamejikunyata, mikono imo makwapani. Penye kona ya njia yuko mama mmoja aliyeamka zamani. Mbele yake pana sufuria kubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuiinua ikiwa imejaa, na chini yake kuni zawaka. Ndani yake mna mahindi na maharagwe yanayotokota polepole. Jua litakapopanda, githeri ile itakuwa imeiva, na watu watakuja na mabakuli yao kununua, huyu kidogo, yule zaidi, kila mtu kwa kadiri ya mfuko wake.

Nataka tusimame hapo kidogo, mimi nawe, tuitazame sufuria ile. Katika vitabu vya historia twasoma habari za reli, za magavana, za vita na za mikutano ya London. Ni nadra kusoma habari za chungu. Walakini reli haikujengwa na watu wenye njaa ya siku tatu, wala mji haukukaa bila ya mtu kuamka usiku kuwasha moto. Swali langu ni jepesi kuuliza: chakula kinachotaka saa tatu au nne za moto kiliwezaje kuwa chakula cha watu ambao kwao moto ni kitu cha kununua? Ukilijibu swali hilo sawasawa, utakuwa umejifunza sehemu si haba ya historia ya Nairobi.

Tuanze na baridi yenyewe. Jina la Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai, Enkare Nairobi, maana yake maji baridi. Wamaasai walinywesha mifugo yao hapo kabla reli iliyotoka Mombasa haijafika, mwezi wa Mei 1899. Mji umekaa juu, kiasi cha mita 1,700 toka usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti mawingu huufunika, jua hupotea siku nyingi, na usiku joto hushuka hata nyuzi 10 au 11. Mtu wa Ulaya atasema kwamba hiyo si baridi kali. Lakini mtu wa Ulaya huilaki baridi akiwa katika nyumba ya ukuta mnene na dirisha la kioo. Mkaaji wa Kibera huilaki katika chumba cha udongo au cha mabati, na bati hupitisha baridi kama linavyopitisha joto. Kwa hiyo yeye hujikinga kwa vitu viwili, blanketi na chakula cha moto.

Mwinuko huo una jambo la pili, ambalo mpishi hulijua kwa mazoea nawe utalijua kwa somo la fizikia. Maji ya Mombasa huchemka yafikapo nyuzi 100. Maji ya Nairobi huchemka yafikapo nyuzi 94 hivi, kwa sababu uzito wa hewa huku juu ni mdogo. Hata ukiuchochea moto namna gani, maji hayatapanda zaidi ya hapo, bali yatageuka mvuke na kukupotea. Ndiyo maana maharagwe yale yale, ya shamba lile lile, huchelewa kuiva Nairobi kuliko Mombasa. Basi mpishi wa Nairobi yumo katika shida ya pande mbili. Baridi yamhimiza apike chakula kizito chenye moto, na mwinuko wa nchi wakikawiza chakula hicho jikoni.

Sasa tuwatazame watu waliokuja na vyungu vyao. Kibera ni neno lililotoka katika lugha ya Kinubi, kibra, maana yake msitu. Wanubi wa Kenya ni wazao wa askari wa Kisudani walioandikwa katika majeshi ya Waingereza, ambao baadaye walitumika katika King's African Rifles. Walipomaliza utumishi wao hawakurudishwa Sudani. Waliwekwa katika msitu ule, kusini-magharibi ya mji, na mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilitangaza ekari 4,197 kuwa ardhi ya jeshi ambayo wao walikaa. Wake zao walipika mchuzi, wakaula kwa gurusa, mkate mwembamba unaookwa juu ya chuma. Jina la msitu lakuonyesha kwamba siku zile kuni hazikuwa mbali na mlango. Karne moja baadaye, mwezi wa Juni 2017, jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ekari 288. Msitu ulikuwa umekwisha kutoweka zamani, na mahali pake pamesimama nyumba zilizosongamana za watu wa makabila yote ya Kenya.

Kawangware ina asili nyingine. Yenyewe ilikuwa upande wa Dagoretti, katika nchi ya mashamba ya Wakikuyu, na wanawake wa huko walikuwa wauzaji wa vyakula tangu siku za misafara. Reli ilipofika na mji ukaanza kukua, waliendelea kubeba maharagwe na mahindi migongoni, wakiwalisha vibarua waliokuja kutafuta kazi. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963, Dagoretti iliingizwa mjini, na mashamba yakageuka kuwa vyumba vya kupangisha kidogo kidogo. Hapo wakaja Waluhya, Waluo, Wakamba, Wakisii na wengineo, kila mmoja na ulimi wake na kumbukumbu ya jiko la mama yake.

Walipokutana waligundua jambo la kufurahisha. Chakula walichokipenda siku za baridi kilikuwa kimoja, ila majina yalikuwa mengi. Mkikuyu alikiita githeri. Mluo alikiita nyoyo. Mkamba alikiita isyo, na mahindi yakikobolewa kwanza aliyaita muthokoi. Mtu wa pwani alikiita pure, na mgeni aliyetoka Tanzania alikiita kande. Wote walikuwa wakisema habari za mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja mpaka yakalainika.

Lakini usidhani kwamba chakula hicho ni cha kale kama Mlima Kenya. Mahindi asili yake ni Amerika, na maharagwe haya mekundu vilevile, na yalifika pande zetu baada ya Wareno kuanza safari zao za bahari. Kabla yake wakulima wa bara walichemsha njahi, kunde, mbaazi, mtama na mawele. Njahi hasa ilikuwa na heshima kubwa kwa Wakikuyu, na ndiyo aliyopewa mama aliyejifungua ili apate nguvu. Mahindi meupe yalishinda katika karne ya 20, kwa kuwa masetla waliyalima kwa biashara, na waajiri waliyataka kwa posho ya vibarua. Maharagwe ya rangi nyingine nayo yaliisukuma njahi kando. Kwa hiyo katika bakuli moja la githeri imo historia ya bahari, ya mashamba ya masetla na ya ujira wa kibarua.

Najua, msomaji, kwamba huenda ukatabasamu kwa dharau. Kwako wewe labda githeri ni chakula cha foleni ya shule, sahani mkononi, na punje ngumu inayoruka chini ya uma. Wanafunzi wengi hukiona kuwa chakula cha dhiki. Nakuomba uache dharau hiyo kwa muda. Mahindi peke yake yana upungufu wa kitu kimoja muhimu cha kujenga mwili, na maharagwe yanacho kwa wingi. Maharagwe nayo yana upungufu wa kitu kingine, na mahindi yanacho. Vikikutana chunguni kila kimoja hukitimiza kingine. Ongeza karoti, kabichi, viazi na kitunguu, nawe una chakula kamili ambacho daktari hatakilaumu. Kosa la githeri ya shule aghalabu si la githeri. Ni la mpishi aliyenyimwa kuni au muda, akaipakua kabla haijaiva.

Hapo ndipo tunapoufikia moyo wa habari yetu, yaani moto. Zamani, kijijini, chungu kiliinjikwa juu ya mafiga matatu, na kuni ziliokotwa. Kuni zilimgharimu mwanamke nguvu za mgongo wake, lakini hazikumtoa fedha. Mjini mambo yaligeuka. Hapakuwa na mahali pa kuokota kuni, na chumba kimoja kilikuwa jiko, sebule na malazi. Watu wakashika jiko la bati linalotumia makaa, ambalo huhesabiwa kuwa kazi ya mafundi wa Kihindi wa zama za reli, na mafundi wa Kiafrika wakaendelea kulifua kwa vyuma vikuukuu. Jiko hilo lilibebeka, lakini lilikula makaa kwa pupa, maana joto lake jingi lilipotea ubavuni.

Mwaka 1981 ulifanyika Nairobi mkutano mkuu wa Umoja wa Mataifa juu ya nishati mpya. Miaka ile ile mafundi na wataalamu wa Kenya walilichunguza jiko la udongo la Thailand, wakalioanisha na jiko la bati la kwetu. Likazaliwa jiko lenye kiuno chembamba na utando wa udongo uliochomwa ndani yake, ambalo leo laonekana karibu katika kila mtaa. Udongo hulizuia joto lisikimbie, na makaa hupungua kwa theluthi moja hivi au zaidi. Kutoka Kenya jiko hilo lilienea katika nchi nyingi za Afrika. Huo ulikuwa ushindi mkubwa, tena ulipatikana kwa udongo na bati tu.

Hata hivyo jiko bora halikumaliza shida, kwa sababu makaa yenyewe hupanda bei. Mwezi wa Februari 2018 serikali ilisitisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na bei ya makaa ikapanda sana. Serikali ilikuwa na haki ya kuilinda misitu, kwani bila misitu hatuna mito. Lakini gharama ya ulinzi huo ilimwangukia kwanza mtu anunuaye makaa kwa mkebe. Angalia hesabu hii kwa makini. Mwenye fedha hununua gunia zima, na kwake kila kilo huwa rahisi. Asiye na fedha hununua mkebe mmoja leo na mkebe mwingine kesho, na kwa jumla hulipa zaidi kwa makaa yale yale. Mtu wa namna hiyo akitaka kuchemsha maharagwe makavu kwa saa tatu, moto waweza kumla fedha nyingi kuliko maharagwe yenyewe. Ndiyo sababu wapishi wengine hutia magadi, yaliyotoka katika ziwa la jina hilo kusini ya Nairobi. Magadi hulainisha punje upesi, ingawa huharibu baadhi ya vitamini zilizomo.

Basi watu wa Kibera na Kawangware walifanyaje? Walifanya jambo ambalo hakuna wizara iliyowafundisha. Walimwachia jirani mmoja moto mrefu, na wengine wakabaki na moto mfupi. Mama yule tuliyemwona alfajiri huchemsha mahindi na maharagwe ya nyumba nyingi katika sufuria moja. Sufuria moja kubwa hutumia kuni chache kuliko sufuria ndogo 30 zinazochemka kila moja kwa moto wake, kwa maana kitu kikubwa hupoa polepole kuliko kidogo. Jirani hununua kilichokwisha kuiva, akaenda nacho chumbani, akakaanga kitunguu na nyanya, akakitia humo, na kwa robo saa watoto wamekula. Anapolipa, halipi chakula tu. Hulipia sehemu yake ya moto na ya usingizi ambao mama yule hakulala.

Niruhusu sasa nikutoe Kawangware kwa kitambo kidogo, nikupeleke Ulaya ya Mashariki, kwani huko nako palikuwa na watu wenye chungu na shida ya moto. Wayahudi wa mji wa Vilna, nchini Lithuania, hawakuruhusiwa na dini yao kuwasha moto siku ya Sabato. Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya jua kutua, walitia chunguni nyama, maharagwe, viazi na nafaka, wakakipeleka chungu hicho kwa mwoka mikate. Tanuri lake lilikuwa linapoa baada ya kazi ya wiki, na joto lililobaki liliviivisha vyungu vya mtaa mzima usiku kucha. Siku ya Sabato kila mtu alikichukua chungu chake, na chakula kingali cha moto.

Mwanamke mmoja aliyetoka nchi hiyo alihamia Marekani, akamsimulia mwanawe habari za tanuri lile. Mwana huyo aliitwa Irving Naxon, naye alikuwa mvumbuzi. Akafikiri namna ya kutengeneza chungu chenye joto dogo la umeme lililokizunguka pande zote, na mwaka 1940 alipata hataza ya kifaa chake. Mwaka 1971 kampuni iliyokinunua ilianza kukiuza kwa jina la Crock-Pot, kikaenea Marekani yote. Mpaka leo, baridi ianzapo, watu wa huko hutia humo nyama, maharagwe na mboga asubuhi, wakaenda kazini, na jioni hukuta supu imeiva.

Sisemi kwamba kifaa kile ni kibaya. Ni kizuri kwa mwenye umeme wa hakika na fedha za kuulipia. Lakini tazama kilichotokea. Tanuri la mtaa liligeuzwa kuwa tanuri la nyumba moja. Watu wakapata raha, ila hawakukutana tena mlangoni pa mwoka mikate. Mama wa Kawangware yeye bado yuko katika zamu ya yule mwoka mikate wa Vilna, na wala hajapata kumsikia. Watu wawili wasiojuana, katika nchi mbili zisizofanana, walilijibu swali moja kwa jibu moja. Hapo waona kwamba akili haina kabila.

Jibu hilo limejaribiwa pia kwa njia kubwa zaidi. Katika Laini Saba, kijiji cha Kibera ambacho jina lake hukumbusha uwanja wa askari wa kulenga shabaha, lilijengwa kabla ya mwaka 2010 jiko kubwa la jamii. Msanifu wa majengo Jim Archer na wenzake walilibuni ili lichome takataka za mtaa katika tanuri lenye moto mkali, na wakaaji wapike juu yake. Kazi hiyo ilikuwa na matatizo yake, lakini wazo lake lilikuwa bora: uchafu uliokuwa unaziba mifereji ugeuke kuwa kuni. Na mwaka 2023 Kaunti ya Nairobi, pamoja na shirika la Food4Education, ilianzisha mpango wa Dishi na County. Wali na maharagwe au dengu vilipikwa katika majiko makuu, vikapelekwa mashuleni kwa magari, na mtoto alitozwa shilingi 5 kwa mlo. Jiko kuu na sufuria ya kona ya njia ni ndugu. Zote mbili zimejengwa juu ya kanuni moja, kwamba moto wa wengi humpunguzia kila mmoja gharama.

Tusiisahau supu, kwa kuwa watu wengine, wakisikia neno baridi, hiyo ndiyo huikumbuka kwanza. Machinjio ya Dagoretti yako karibu na Kawangware. Steki huenda katika mahoteli na maduka ya wenye nafasi. Vichwa, miguu na mifupa huenda kwa wenye vibanda, na huchemshwa tangu usiku. Katika viungo hivyo mna kano ngumu ambazo moto wa haraka huzikaza kama mpira. Moto mdogo wa saa nyingi huziyeyusha, zikawa kitu laini kinachoupa mchuzi uzito, na ndiyo maana supu nzuri ikipoa huganda. Mwuzaji huimimina katika kikombe, akaongeza ndimu na pilipili, na kibarua anayekwenda mjengoni huinywa akiwa amesimama. Kile kilichohesabiwa kuwa duni kimetukuzwa na saburi.

Iko njia nyingine ya kuipata saburi hiyo bila kuchoma makaa, nayo ni kulificha joto. Mwaka 1867, katika maonyesho makubwa ya Paris, watu walionyeshwa sanduku kutoka Norway lililofumwa ndani kwa vitu vya kuzuia baridi, ambamo chakula kilichochemka kiliendelea kuiva chenyewe. Wakati wa vita kuu mbili za dunia Waingereza walitumia masanduku yaliyojazwa majani makavu ili kuokoa makaa. Vikundi vya wanawake wa Kenya hufanya vivyo hivyo kwa kikapu kilichotandikwa nguo kuukuu na kufungwa kwa mto mzito. Chakula huchemshwa kwanza juu ya moto, sufuria ikafunikwa vizuri, ikatiwa kikapuni upesi, ikaachwa bila kufunuliwa. Waweza kujaribu mwenyewe. Chemsha sufuria mbili za maji, moja uiache mezani, nyingine uifunge katika blanketi ndani ya kikapu. Pima joto baada ya saa mbili, nawe utaelewa zaidi kuliko nikueleze kwa kurasa kumi.

Kabla sijamaliza nina maonyo mawili, na ninayatoa kwa uzito wote. La kwanza ni juu ya maharagwe mekundu. Yakiwa mabichi yana sumu ya kutapisha, na joto dogo haliimalizi. Yaloweke usiku kucha, uyamwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa moto mkali kwa muda usiopungua dakika 10, na kwa mwinuko wa Nairobi ni busara kuzidisha. Baada ya hapo ndipo uyapunguzie moto au uyatie kikapuni. Anayeanza na moto mdogo kwa kutaka kuokoa makaa huenda akawadhuru wale anaotaka kuwalisha.

Onyo la pili ni kubwa zaidi. Makaa yawakayo hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo monoksidi ya kaboni. Mwenye chumba cha mabati, akiisha kupika usiku wa Julai, huona uchungu kulitoa nje jiko ambalo lingali jekundu. Alilinunua joto lile kwa fedha yake. Basi hufunga mlango na dirisha, akalala na watoto wake karibu nalo. Hewa ile huingia katika damu pole pole, ikamtia mtu usingizi, na usingizi huo hauna kuamka. Karibu kila msimu wa baridi magazeti ya Kenya huandika habari za namna hiyo. Waliokufa hawakuwa wajinga wala wazembe. Walikuwa watu waliosikia baridi. Kwa hiyo, wewe uliyesoma somo la kemia, usililinde kwa ajili ya mtihani peke yake. Lipeleke nyumbani. Mwambie mama, mwambie jirani, mwambie hata mzee asiyependa kufundishwa na mtoto, lakini mwambie kwa adabu: jiko la makaa hutoka nje kabla ya kulala.

Sasa waona kwa nini nilitaka tusimame mbele ya sufuria ile. Ndani yake umo msitu uliokatwa, umo mmea uliovuka bahari, yamo majina matano ya chakula kimoja, na imo hesabu ngumu ya mkebe wa makaa. Umo pia uamuzi wa watu wasio na kitu cha ziada, kwamba mzigo usiobebeka na mmoja ubebwe na wengi. Wahenga walisema kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Wangalikaa Kawangware wangaliongeza kwamba kuni moja haiivishi maharagwe.

Siku moja huenda umeme ukawa rahisi katika kila chumba cha Kibera, na kila nyumba ikawa na chungu chake kinachopika chenyewe. Naitamani siku hiyo, maana itaokoa mapafu ya mama wengi na miti mingi. Lakini itakapofika, msomaji mpenzi, usiache kukumbuka mji ulivyolishwa kabla yake. Na kesho asubuhi, ukipita penye kona ile, nunua bakuli lako la githeri, umwamkie mama yule kwa heshima, uketi kidogo karibu na moto. Umeshiriki kuununua, na una haki ya kuuota.